Kupiga Picha na Kunasa Sauti: Kutoka Kamera ya Kanda hadi Kamera ya Lenzi katika Filamu ya Kiswahili



1.0 Utangulizi

Kiswahili hutofautisha vitendo viwili ambavyo mtu asiyetafakari huviona kuwa kimoja. Picha hupigwa, sauti hunaswa. Kitenzi "piga", kwa matumizi haya, kimo katika kundi moja na piga simu, piga pasi, piga mswaki na piga chapa: mtu ana chombo mkononi, anakitumia, na kazi imekwisha. Kitenzi "nasa" asili yake ni mtego. Mwenye mtego hutega na kusubiri, na hapati ila kile kilichokuja chenyewe. Ndipo tukapata neno "kinasasauti". Lugha ilikwisha kutambua kwamba sura ya mtu huweza kuchukuliwa kwa mara moja, lakini usemi wake hauna budi kungojewa.

Mada ya mhadhara huu ni kipindi kifupi katika historia ya filamu ya Kiswahili ambapo chombo kimoja kiliyafanya yote mawili kwa pamoja, na jinsi chombo hicho kilivyoondoka. Chombo hicho ni kamera ya video ya kutumia kanda, ambayo hapa nitaiita kwa ufupi kamera ya kanda. Mahali pake palichukuliwa, kuanzia mwaka 2008, na kamera ya picha za kawaida iliyoongezewa uwezo wa kurekodi video, ambayo lenzi yake huweza kufunguliwa na kubadilishwa. Hiyo nitaiita kamera ya lenzi. Ni kweli kwamba kamera ya kanda nayo ina lenzi. Tofauti ni kwamba lenzi yake, katika aina za bei nafuu, imefungwa moja kwa moja na mwili wa kamera.

Hoja yangu ni kwamba mabadiliko haya, ambayo kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa picha, yana upande wa pili unaowahusu wanafunzi wa lugha kuliko wanafunzi wa sinema. Kamera ya lenzi iliipa filamu yetu jicho jipya. Kwa watumiaji wengi wa kipato kidogo, iliinyang'anya sikio. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya usemi wa Kiswahili wa watu wa kawaida, katika miongo mitatu iliyopita, haikuhifadhiwa katika maandishi wala katika maktaba za redio, bali katika kanda za harusi, za misiba na za filamu za bei nafuu, hasara hiyo ni hasara ya taaluma yetu.

Nitaufungamanisha mjadala na mahali pamoja, yaani Mwankoko, mojawapo ya kata za Manispaa ya Singida. Sababu ni mbili. Kwanza, historia ya filamu nchini husimuliwa kutoka Dar es Salaam, kana kwamba kamera haikuwahi kuvuka Morogoro. Pili, Mwankoko ni mahali penye sura mbili za kiisimu. Pako karibu na mji, hivyo mpigapicha wa mjini huweza kuitwa na kufika. Na papo hapo pamo katika nchi ya Wanyaturu, ambako wazee huzungumza Kinyaturu, lugha ambayo wenyewe huiita Kirimi, na Kiswahili husemwa bega kwa bega nayo. Mtafiti anayetaka kujua Kiswahili cha bara kinavyosemwa, si kinavyoandikwa, hapaswi kupapita mahali kama hapo.

2.0 Sauti na Picha Kabla ya Video

Kutengana kwa sauti na picha si jambo geni katika historia ya sinema Tanzania. Kati ya mwaka 1935 na 1937, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani, uliendeshwa mradi wa majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara. Msimamizi wa utengenezaji alikuwa Meja L. A. Notcutt, na upande wa elimu ulikuwa chini ya G. C. Latham. Mradi ulitumia filamu nyembamba ya milimita 16 ili kupunguza gharama. Sauti haikuwa katika filamu yenyewe. Ilirekodiwa katika sahani za santuri, ambazo zilichezwa sambamba na picha wakati wa maonyesho.

Mpango huo ulikuwa na kasoro ya wazi, kwamba santuri na filamu huweza kupishana. Lakini ulikuwa na faida ambayo wanaisimu hatuna budi kuitilia maanani: picha moja iliweza kupewa maelezo katika lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwa miongoni mwazo. Hata hivyo, maneno yaliyosikika hayakuwa ya watu walioonekana. Mkulima aliyeonekana akilima hakusikika. Aliyesikika alikuwa msomaji wa maelezo. Sura ilikuwa ya mwenyeji, na sauti ilikuwa ya mradi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja filamu za hadithi ambamo wahusika wanazungumza Kiswahili wenyewe. Maarufu kati yake ni "Muhogo Mchungu" ya mwaka 1952, ambamo mhusika mkuu aliigizwa na Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Baada ya Uhuru, Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania mwaka 1968, na Taasisi ya Picha na Sauti ikaanzishwa mwaka 1974. Lakini filamu ya seluloidi ilikuwa ghali mno. Kila dakika ya kurekodi ilikuwa na gharama ya kununua filamu na gharama ya kuisafisha katika maabara. Katika hali hiyo hakuna mtu angeweza kumwachia mzee wa Mwankoko, wala wa mahali pengine popote, azungumze kwa saa nzima mbele ya kamera. Usemi wa watu wa kawaida ulikuwa anasa.

3.0 Zama za Kamera ya Kanda

Kamera ya kanda iliubadili uchumi huo. Kanda za VHS, na baadaye kanda ndogo za kidijitali zilizoanza kuuzwa mwaka 1995, zilikuwa rahisi, hazikuhitaji maabara, na ziliweza kufutwa na kutumiwa tena. Kanda moja ndogo ya kidijitali ilibeba dakika 60 za picha na sauti bila kukatika. Sauti yake haikugandamizwa: iliweza kurekodiwa kwa kiwango kinacholingana na kile cha santuri za kidijitali au kukizidi kidogo. Maikrofoni ilikuwa juu ya kamera, na katika aina za kitaalamu kulikuwa na matundu ya kuchomeka maikrofoni za nje na vitufe vya kurekebisha sauti kwa mkono. Chombo kizima kiliundwa kwa kazi moja: kuwashwa na kuachwa kiendelee.

Mwaka 1994 vituo vya televisheni vya binafsi vilianza kurusha matangazo Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Vikundi vya maigizo, kama vile Kaole Sanaa Group kilichoonekana katika ITV, vilileta kwenye runinga mtindo uliokuwa umekwisha kukomaa jukwaani na katika michezo ya redio. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikafuata filamu za video, kama "Girlfriend" iliyoongozwa na George Tyson na "Nsyuka" ya Mussa Banzi. Filamu hizo ziliuzwa katika kanda, halafu katika diski, na zikaonyeshwa katika mabanda ya video mijini na vijijini. Katika mabanda hayohayo walisikika pia watafsiri wa filamu za kigeni, ambao mmoja wao, Derek Gaspar Mukandala, alijulikana kwa jina la Lufufu. Nao walikuwa wanarudia, kwa njia yao, kazi ya santuri za Vugiri: picha ya mahali pengine, sauti ya Kiswahili. Tofauti ni kwamba safari hii msimulizi alikuwa huru kusema apendavyo.

Wahakiki wengi walizilaumu filamu za kipindi hiki kwa kuwa na maneno mengi. Walisema wahusika hukaa sebuleni na kuzungumza kwa muda mrefu, kamera imesimama, na hakuna kinachotendeka. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haikuzingatia mambo mawili. La kwanza ni asili ya sanaa zetu. Mtazamaji aliyelelewa na utani, ngonjera, majigambo, mawaidha na michezo ya redio haoni kuwa maneno ni upungufu wa kitendo. Kwake, kusema ni kutenda. Jambo la pili ni utengenezaji wenyewe. Filamu nyingi hazikuwa na mswada ulioandikwa neno kwa neno. Mwongozaji alieleza kisa, waigizaji wakatunga mazungumzo papo hapo, na kanda ikaendelea kuzunguka. Kwa mhakiki wa sinema huo ni uzembe. Kwa mwanaisimu ni hazina: ni saa nyingi za Kiswahili kisichoandaliwa, chenye kukatizana, kurudia, kusitasita na kuchanganya ndimi.

Upande wa sherehe ulikuwa hivyohivyo. Tuchukue mfano wa harusi ya kawaida Mwankoko katika miaka hiyo. Mpigapicha wa video anatoka mjini na kamera moja na kanda tatu au nne. Kazi yake, kwa jinsi alivyoagizwa na wenye shughuli, ni kuchukua kila kitu. Anasimama pembeni. Bibi wa bibi harusi anaanza kutoa wosia kwa Kinyaturu, anaingia katika Kiswahili anapomgeukia mkwe, anarudi katika Kinyaturu anapolia. Mjomba anajibu kwa niaba ya ukoo. Mshereheshaji anatania. Yote yanaingia katika kanda, kwa sababu kuzima na kuwasha kamera kulikuwa usumbufu kuliko kuiacha. Jamaa wakilipata lile toleo la saa tatu hulitazama mara moja au mbili, kisha huliweka kabatini. Hakuna aliyekusudia kuhifadhi lugha. Lugha ilihifadhiwa kwa sababu kamera haikujua kuchagua.

4.0 Ujio wa Kamera ya Lenzi

Mwezi Agosti 2008 kampuni ya Nikon ilitangaza kamera ya D90, ya kwanza ya aina yake yenye uwezo wa kurekodi video. Mwezi uliofuata Canon ikatangaza EOS 5D Mark II. Mpigapicha wa Kimarekani Vincent Laforet alitengeneza kwa kamera hiyo filamu fupi iitwayo "Reverie", iliyoonyesha duniani kote jinsi usiku wa mji unavyoweza kurekodiwa kwa mwanga mdogo. Kamera hiyo ilikuwa bado ghali. Mlango kwa watu wa kipato kidogo ulifunguliwa mwaka 2010 kwa Canon 550D, iliyotangazwa Marekani kwa bei ya takribani dola 800 bila lenzi, na mwaka 2011 kwa 600D. Kamera za ngazi hii, zikiwamo zilizotumika, ndizo zilizowafaa wapigapicha wadogo wa Afrika Mashariki.

Kwa nini zilipendwa? Sababu ya kwanza ni ukubwa wa bapa linalopokea mwanga ndani ya kamera. Katika kamera nyingi za kanda za ngazi ya kati, bapa hilo lilikuwa na upana wa milimita 4.8 hivi na kimo cha milimita 3.6. Katika 550D, upana ni milimita 22.3 na kimo ni milimita 14.9. Eneo ni kubwa takribani mara 19. Bapa kubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, hivyo ukumbi unaomulikwa kwa taa mbili huonekana vizuri, na nyuso nyeusi, ambazo kamera ya kanda ilizifanya kuwa vivuli, hupata umbo na rangi yake. Bapa kubwa pia huwezesha uso kuwa mkali na kilicho nyuma yake kuwa na ukungu. Kwa macho ya mtazamaji, ukungu huo ndio ulioitofautisha "sinema" na "video".

Sababu ya pili ni idadi ya nukta za picha. Kanda ndogo ya kidijitali, kwa mfumo uliotumika kwetu, ilitoa picha ya nukta 720 kwa 576. Kamera mpya ilitoa nukta 1920 kwa 1080, ambazo ni mara tano kamili. Sababu ya tatu ni ya kiuchumi. Hapo awali mwenye sherehe aliwalipa watu wawili, wa picha za kawaida na wa video. Sasa mtu mmoja, mwenye chombo kimoja, aliweza kupiga picha za pasipoti asubuhi, harusi mchana na tangazo la duka jioni. Kijana wa Singida aliyekuwa na lenzi moja iliyokuja na kamera, kisha akanunua nyingine ya bei nafuu ya kupigia nyuso, alikuwa na uwezo wa picha ambao mwaka 2000 haukupatikana kwa kijana yeyote nchini asiye na taasisi nyuma yake. Faida hiyo ni kubwa, na haifai kupuuzwa na mtu yeyote anayetaka kuzungumzia hasara.

5.0 Sikio Lililopotea

Hata hivyo kamera hii ilikuwa, kwa asili yake, chombo cha kupiga, si cha kunasa. Wahandisi walikuwa wamechukua chombo cha picha za kusimama na kukiongezea video. Sauti ilikuja mwisho. D90 iliweza kurekodi video ya ubora wake wa juu kwa dakika 5 tu kwa mara moja, sauti yake ilikuwa ya mkondo mmoja, na haikuwa na tundu la maikrofoni ya nje. Katika 550D, tundu lilikuwapo, lakini kiwango cha sauti kilirekebishwa na kamera yenyewe. Maana yake ni kwamba msemaji akinyamaza, kamera huongeza sauti hadi upepo, jenereta na kuku vinajaa. Akianza tena, silabi zake za mwanzo humezwa kabla kamera haijajirudi. Programu huria ya Magic Lantern, iliyoanza mwaka 2009 kwa ajili ya kamera za Canon, ilitungwa na watumiaji wenyewe, na udhibiti wa sauti ulikuwa miongoni mwa mambo ya mwanzo iliyoyashughulikia. Katika 600D kiwanda kiliruhusu sauti kurekebishwa kwa mkono.

Kulikuwa pia na mipaka ya muda. Mfumo wa kuhifadhi katika kadi haukuruhusu faili moja kuzidi gigabaiti 4, ambazo kwa ubora wa juu ni dakika 12 hivi. Baada ya hapo kamera ilisimama. Isitoshe, ushuru wa forodha wa nchi za Ulaya uliitambua kamera inayorekodi kwa dakika 30 au zaidi mfululizo kuwa kamera ya video na kuitoza zaidi, hivyo watengenezaji wakazifunga kamera zao kabla ya kufikia muda huo. Kwa njia hii uamuzi wa forodha wa Ulaya ulikuja kugusa urefu wa wosia unaoweza kurekodiwa Mwankoko. Mzee aliyehitaji dakika 40 hakukatizwa na mshereheshaji. Alikatizwa na chombo.

Dawa ya kitaalamu ilijulikana: kurekodi sauti kwa chombo cha pembeni, kugonga kibao mwanzoni, kisha kuzioanisha sauti na picha wakati wa kuhariri. Yaani tulirudi Vugiri, picha huku na sauti kule. Watengenezaji wenye fedha walifanya hivyo, na filamu zao zikawa na sauti safi kuliko za zama za kanda. Lakini kinasasauti kizuri kilihitaji fedha, mtu wa kukishika na muda wa kuoanisha. Aliyenunua kamera ya bei ya chini kabisa ndiye hasa aliyekosa vyote vitatu. Basi akafanya jambo la busara kwa upande wake: akaiacha sauti na kuitegemea picha.

Matokeo yake yanaonekana katika video za sherehe za muongo wa 2010 na kuendelea. Toleo la saa tatu limekuwa la ziada, na linalotakiwa ni toleo fupi la dakika tatu hadi tano, lenye muziki juu ya picha. Tunamwona bibi akifungua kinywa. Tunaona mkono wake juu ya kichwa cha mjukuu. Chozi linang'aa, nyuma yake taa zimekuwa duara za ukungu. Tunasikia wimbo wa mwaka ule. Alichosema bibi hakipo. Ni picha nzuri kuliko zote zilizowahi kupigwa za bibi huyo, na amekuwa kama yule mkulima wa mwaka 1935: sura yake ni yake, sauti ni ya mwingine.

Kwa nini jambo hili litushughulishe kitaaluma? Chukua jozi ya maneno "thamani" na "samani". Katika maandishi sanifu huandikwa tofauti. Katika usemi wa bara, wako wasemaji wengi wanaoyatamka yote mawili kwa /s/, wako wanaoyatofautisha, na wako wanaoyatofautisha wakiwa mbele za watu wazito tu. Kujua nani hufanya lipi, na lini, ni kazi ya isimujamii. Na tofauti ya /th/ na /s/ imo katika mawimbi ya juu ya sauti, ambayo ndiyo ya kwanza kupotea maikrofoni ikiwa mbali na chumba kikiwa na kelele. Chukua tena Kinyaturu chenyewe. Ni lugha yenye irabu saba na yenye toni, ilhali Kiswahili kina irabu tano na hakitumii toni kutofautisha maneno. Namna msemaji wa lugha ya irabu saba anavyozipanga irabu tano za Kiswahili, na namna kiimbo chake kinavyobeba athari za toni, ni maswali ambayo picha ya nukta milioni mbili haina jibu lake hata moja.

Na vyanzo vyetu vingine havitoshi. Mkusanyo wa matini za Kiswahili wa Helsinki, ambao umewafaa watafiti wengi, umejengwa juu ya maandishi, hasa vitabu na magazeti. Maktaba za redio zina sauti za watangazaji na viongozi. Mkulima wa alizeti wa Singida akimsihi mkwewe hayumo katika gazeti wala katika taarifa ya habari. Alikuwamo katika kanda.

Inaweza kupingwa kwamba ninaisifu mno kamera ya kanda. Ni kweli kwamba nyingi zilikuwa na sauti mbaya, kwa kuwa maikrofoni ilikuwa juu ya kamera na kamera ilikuwa mwisho wa ukumbi. Umbali kati ya kinywa na maikrofoni ni muhimu kuliko aina ya kamera. Ni kweli pia kwamba picha iliyojifunza kusema imeiponya filamu yetu na maneno yasiyo na kazi. Lakini sauti mbaya iliyopo huweza kusafishwa na kusikilizwa. Sauti ambayo haikurekodiwa haina dawa.

6.0 Neno "Mkanda" Baada ya Mkanda

Mabadiliko ya chombo yameacha alama katika msamiati, na alama yenyewe ina funzo. "Mkanda" ni kipande kirefu cha ngozi au kitambaa, hasa cha kufungia kiunoni. Kwa umbo, neno likahamia kwenye ukanda wa filamu, kisha kwenye kanda ya sumaku, kisha kwa filamu yenyewe kama kazi ya sanaa, hata mtu akasema ameuona mkanda fulani. Leo hakuna kitu chenye umbo la mkanda ndani ya kamera, lakini watu bado huulizana kama mkanda wa harusi umekwisha kutoka. Umbo limekufa na neno limebaki.

Maneno ya kamera mpya yameingia kwa njia nyingine. Lenzi ilikuwamo katika vitabu vya fizikia, ikahamia mitaani. Kadi, faili, klipu na kushuti yamekuja moja kwa moja kutoka Kiingereza kwa matamshi ya Kiswahili. Tukiyatazama kwa pamoja tunaona tofauti ya maana. Mkanda ni kitu kinachoendelea kwa urefu: una mwanzo, una mwisho, na katikati hakuna pengo. Klipu ni kipande. Lugha ya mafundi imehama kutoka kwenye mfululizo hadi kwenye kipande, kama kazi yao ilivyohama. Inapasa maneno haya yakusanywe sasa, kutoka vinywani mwa mafundi wenyewe, kabla kizazi kilichotumia kamera zote mbili hakijaondoka.

7.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda hauko upande wetu. Kanda ya sumaku huchakaa, na mashine za kuichezea zimeacha kutengenezwa. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, ilisimamisha kazi hiyo mwezi Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, ilitoa tahadhari kwa dunia nzima kwamba yaliyomo katika kanda yatapotea yasipohamishwa mapema. Kwa upande wa kamera ya lenzi, tatizo ni kinyume chake. Kanda ilibaki kabatini baada ya kazi. Kadi hufutwa ili itumike kesho.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. La kwanza: vyuo vyetu vyenye idara za Kiswahili viwe na angalau mashine moja nzima ya kila aina ya kanda, na kila mwanafunzi anayetoka Mwankoko, Kondoa, Newala au Micheweni aombwe kuuliza nyumbani kama kuna kanda ya shughuli ya ukoo, na kama wenyewe wanaridhia inakiliwe. Ridhaa hiyo si jambo dogo. Wosia ulitolewa kwa wanandoa, haukutolewa kwa watafiti, na ziko kanda ambazo haki yake ni kubaki kabatini. La pili: mafunzo ya filamu na uandishi wa habari yafundishe kunasa sauti kama somo kamili, lisilo nyongeza ya kupiga picha. Mpigapicha wa kipato kidogo hahitaji chombo cha ghali. Simu ya pili, ikiwekwa karibu na msemaji na kuachwa ikirekodi hadi mwisho, hufanya kile ambacho kamera yake haifanyi. La tatu: wanafunzi wa isimu waache kuzidharau filamu za sebuleni. Wazinukuu, wazichambue, wazitumie kama data za usemi.

Sidai kwamba tuirudie kamera ya kanda. Kijana wa Singida mwenye kamera ya lenzi ana uwezo ambao Taasisi ya Picha na Sauti ya mwaka 1974 haikuwa nao, na filamu bora za Kiswahili zijazo huenda zikatoka mikononi mwake. Ninachodai ni kwamba chombo chake kimempa nusu ya kazi, na nusu ya pili lazima aifanye kwa kukusudia. Zamani lugha ilihifadhiwa kwa bahati, kwa kuwa kamera haikujua kuchagua. Leo kamera inachagua, na bahati hiyo haipo tena. Bibi anayetoa wosia mwaka huu hatautoa tena kwa maneno yaleyale, na iwapo hakuna aliyetega mtego, hakuna kitakachonaswa.